Yale mahema ya Los Angeles: jibu kwa mwalimu wa Morogoro

*Swali: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Morogoro. Kijana wangu wa mwisho yuko Los Angeles, mwaka wa pili sasa. Majuzi alinirushia video aliyoipiga akiwa ndani ya gari: barabara nzima, kushoto na kulia, ni mahema na maturubai, watu wamelala chini ya maghorofa. Nikamuuliza hao ni wakimbizi wa vita gani. Akanijibu ni Wamarekani wenyewe, wavivu na mateja. Sikuridhika. Nchi inayotoa misaada dunia nzima inashindwaje kuwapa watu wake vyumba? Na kwa nini hawaondolewi pale? Nauliza pia kwa hofu ya mzazi: kijana amepanga kwa kuchangia na wenzake na kodi imepanda. Akikwama, naye ndiyo mwisho wake huko?*

Shikamoo mwalimu.

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii huku Los Angeles, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kupita kwenye hayo mahema na fomu mkononi. Kwa hiyo video ya kijana wako naijua bila kuiona. Mateja wapo, hakudanganya. Ila amekamata mkia akadhani ni kichwa.

Video haiwezi kuonyesha New York. Januari 2024 serikali ya shirikisho ilihesabu watu 771,480 wasio na makazi nchi nzima, ongezeko la asilimia 18 ndani ya mwaka mmoja. Hesabu hiyo inafanyika usiku mmoja tu, na anayelala kwenye kochi la shemeji yake hahesabiwi, kwa hiyo ukweli ni mkubwa zaidi. Jiji la New York lilikuwa na kama 140,000 kati ya hao. Jiji la Los Angeles lilikuwa na kama 45,000. Sasa mpeleke kijana New York na simu yake aizungushe kutwa nzima: mahema atayahesabu kwa vidole. Wenye shida ni mara tatu, mahema hayapo.

Kisa ni kesi. Mwaka 1981, baada ya shauri lililojulikana kama Callahan v. Carey, jiji la New York lilikubali mbele ya mahakama kwamba kila mwanamume asiye na pa kulala atapewa kitanda; baadaye wanawake na familia nao wakaingizwa. Tangu hapo jiji linatumia fedha nyingi sana kila mwaka kuendesha mabweni, na zaidi ya watu tisa katika kila kumi wasio na makazi wanalala ndani. Wanalala vibaya, wengine wanayaogopa mabweni hayo kuliko barabara, lakini wako ndani. Los Angeles haikuwahi kufungwa na wajibu kama huo, na baridi yake haiui kama ya New York. Kwenye wilaya nzima ya Los Angeles, yaani jiji pamoja na miji jirani, hesabu ya 2024 ilikuta watu 75,312, na karibu saba katika kila kumi walikuwa nje: kwenye hema, kwenye gari, chini ya daraja. Kwa hiyo una maswali mawili hapo, mwalimu, na watu wengi huyachanganya. Kwa nini mtu anakosa nyumba, na kwa nini aliyekosa nyumba anaonekana barabarani.

La kwanza jibu lake ni kodi. Najua linasikika jepesi, kwa hiyo tupige hesabu. Kwa makadirio ya serikali yenyewe, nyumba ya chumba na sebule Los Angeles ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwezi mwaka 2024. Kima cha chini cha mshahara jijini Julai 2025 kilikuwa dola 17.87 kwa saa. Ukifanya kazi saa 40 kila wiki kwa kima hicho unapata kama dola 3,100 kwa mwezi kabla ya makato. Mlemavu au mzee asiye na kipato kingine alipata dola 967 za shirikisho kwa mwezi mwaka huo wa 2025, na jimbo linamwongezea kidogo. Huyo hata akiacha kula hafiki. Na mwenye nyumba hapokei kodi tu. Anataka uonyeshe kipato cha mara mbili na nusu au tatu ya kodi, anakagua rekodi yako ya madeni, anauliza kama umewahi kushtakiwa kwa kutolipa kodi, halafu anataka mwezi wa kwanza na dhamana kwa mkupuo.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha utafiti waliowahoji watu karibu 3,200 wasio na makazi jimboni. Tisa katika kila kumi walikuwa na nyumba California kabla ya kuikosa, hawakuja kufuata jua. Kipato cha kawaida cha kaya zao kabla ya kuanguka kilikuwa dola 960 kwa mwezi. Umri wa katikati ni miaka 47. Hao si vijana waliotoroka kwao kutafuta starehe. Ni watu wazima waliokuwa na kazi za kuokoteza, wakaumwa, au wakaachika, au mwenye nyumba akauza.

Utaniuliza: mbona Morogoro mshahara ni mdogo kuliko huo na hatuna mahema? Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, na ndipo Mmarekani mwenyewe mara nyingi hapaoni kwa sababu hajawahi kuishi kwingine. Kwetu mtu akishuka, anashuka kwa ngazi. Anatoka nyumba nzima anapanga chumba na sebule. Mambo yakizidi, anapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji sita, choo cha uani, maji ya ndoo. Yakizidi tena, anasogea nje ya mji kwenye chumba kisicho na dari. Ni vyumba vibaya, na dalali anakunyonya, lakini vipo. Marekani ngazi za chini zilikatwa na sheria.

Zilikuwepo. Mwanzoni mwa karne iliyopita kila jiji kubwa lilikuwa na hoteli za kupanga chumba kimoja kimoja: kitanda, sinki, choo kwenye korido, unalipa kwa wiki. Ndimo walimokaa makuli, mabaharia, wazee wasio na ndugu, walevi pia. Kisha zikaonekana aibu. New York ilipiga marufuku kujenga mpya mwaka 1955. Los Angeles ilibomoa mtaa mzima wa Bunker Hill, uliojaa nyumba za wapangaji wa aina hiyo, ili kupisha maghorofa ya ofisi unayoyaona nyuma ya mahema kwenye video. Zikaja kanuni za ukubwa wa chini wa chumba, idadi ya maegesho ya magari, umbali kutoka kwa jirani. Juu ya hayo, kwa miongo mingi karibu robo tatu ya ardhi ya makazi Los Angeles iliruhusiwa nyumba moja tu kwa kila kiwanja. Kila kanuni ukiisoma peke yake ina busara yake. Zikijumlishwa zinamwambia maskini: ama upange nyumba kamili yenye jiko na bafu lake, ama usipange kabisa.

Tangu 2017 California imelegeza sheria na kuruhusu watu wajenge nyumba ndogo uani kwao na kuzipangisha. Yaani baada ya miaka yote hiyo jimbo lile tajiri limegundua banda la uani! Zimejengwa kwa maelfu na zinasaidia, ingawa nyingi kodi yake bado si ya mtu wa dola 967.

Sasa mateja. Fentanili, dawa kali ya maumivu inayotumiwa kulevya, imeua watu wengi sana kwenye yale mahema, na ugonjwa wa akili unauona ukitembea dakika tano. Kuna historia yake: mwaka 1955 hospitali za magonjwa ya akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Zilipoanza kufungwa, nyingi zikiwa za kutisha kweli, Rais Kennedy alisaini sheria mwaka 1963 ya kujenga vituo vya matibabu karibu na watu, na vingi havikujengwa. Lakini kama dawa za kulevya ndizo zinazoleta mahema, basi West Virginia, jimbo ambalo kwa miaka mingi limeongoza kwa kiwango cha vifo vya dawa hizo, lingejaa mahema. Halijajaa. Nyumba kule ni rahisi, na teja wa kule anatumia dawa zake ndani, au anakaa kwa mama yake ambaye ana chumba cha ziada. Na wapo wengi walioanza dawa wakiwa tayari nje. Ukilala kando ya barabara ukiogopa kuibiwa viatu, kuna vidonge vya kukufanya usilale usiku na vingine vya kukufanya usihisi baridi. Mtu anayepita asubuhi kwenye gari anaona matokeo anadhani ameona chanzo.

Kwa nini hawaondolewi? Wanaondolewa, mwalimu, kila wiki. Ila Los Angeles hiyo hiyo, eneo la Skid Row, mitaa kama hamsini katikati ya jiji, ilitengwa kwa makusudi mwaka 1976: viongozi waliamua huduma zote za maskini zikae pale ili wasisambae. Mabweni, jikoni za kugawa chakula, kliniki, vyote vikajazana, na watu wakafuata. Kwa hiyo alichorekodi kijana, kama ni pale, ni mpango wa mji na si ajali.

Kwingine ni bomoabomoa ndogo ndogo. Karatasi inabandikwa kwenye nguzo ikitaja siku. Siku yenyewe, asubuhi, linakuja lori la taka lenye kinu cha kushindilia, wafanyakazi wa jiji wamevaa ovaroli nyeupe na glavu, na polisi wamesimama pembeni. Kuna sheria ndogo ya jiji, namba 56.11, inayosema mali ya mtu kwenye njia ya umma isizidi ujazo wa galoni 60. Hilo ni pipa moja la taka lenye magurudumu. Kila unachomiliki kiingie humo. Mtu ana dakika chache za kuamua: blanketi au sufuria, picha za watoto au baiskeli. Mwaka 2012 mahakama ya rufani iliamua katika kesi ya Lavan kwamba jiji haliwezi kuteketeza tu mali ya mtu kwa sababu ameiacha kidogo barabarani, ndiyo maana siku hizi kuna maghala ya kuhifadhi. Lakini mahema yenye maji na panya hayahifadhiwi, na ndani ya hema ndimo alimoweka mfuko wake wa nyaraka.

Mfuko huo ndio unaonitia uchungu kuliko hema. Una kitambulisho, kadi ya hifadhi ya jamii, barua ya daktari, pengine cheti cha kuzaliwa kutoka jimbo lililo mbali kama Dar na Kigoma. Ukipotea, tunaanza upya. Ofisi ya kitambulisho inataka kadi, ofisi ya kadi inataka kitambulisho, na cheti kinaombwa kwa posta wakati mwombaji hana anwani. Wiki zinapita. Wakati huo jina lake linafika juu ya orodha ya nyumba, tunakwenda kumtafuta tulipomwacha, na hayupo kwa sababu mtaa ulisafishwa. Anapewa aliyefuata.

Na mabweni ya muda je? Watu husema wanapewa kitanda wanakataa. Wengine hukataa, ndiyo. Bweni nyingi mke na mume wanatenganishwa, mbwa haruhusiwi, unaingia na begi moja na asubuhi unatakiwa utoke. Mfagiaji wa zamu ya usiku hawezi kulala humo maana muda wake wa kulala milango imefungwa. Meya Karen Bass alipoingia madarakani Desemba 2022 alitangaza hali ya dharura na kuanza mpango wa kuwahamishia watu kwenye vyumba vya moteli, chumba chenye mlango na ufunguo. Ajabu ni kwamba waliokuwa "wanakataa msaada" wakakubali kwa wingi. Tatizo likawa moteli ni ghali na nyumba ya kudumu ya kuwahamishia baada ya hapo haipo, hivyo wengine walirudi barabarani. Hata hivyo hesabu za 2024 na 2025 zilionyesha wanaolala nje jijini wakipungua, kidogo kidogo.

Mahakama nazo zimebadilika. Mwaka 2018, katika kesi ya Martin dhidi ya jiji la Boise, mahakama ya rufani ya majimbo ya magharibi ilisema huwezi kumwadhibu mtu kwa kulala nje kama huna kitanda cha kumpa. Miji ya Pwani ya Magharibi ikakaa na mahema. Kisha tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, ikaamua kesi ya mji mdogo wa Grants Pass huko Oregon, mji uliokuwa ukiwatoza faini kuanzia dola 295 watu waliolala bustanini na blanketi. Jaji Neil Gorsuch aliandika kwamba Katiba haikatazi adhabu hizo. Jaji Sonia Sotomayor aliandika upande wa waliopinga kwamba usingizi ni hitaji la mwili, si uhalifu. Ndani ya mwezi mmoja Gavana Gavin Newsom wa California aliagiza idara za jimbo ziondoe mahema kwenye ardhi yake, na baadaye zaidi ya miji 100 nchini ikapitisha marufuku mpya au kukaza za zamani. Julai 2025 Rais Trump naye alisaini amri inayosukuma watu wa mitaani wapelekwe kwenye matibabu hata kwa lazima, na kuziondolea fedha programu zinazompa mtu nyumba kwanza bila masharti. Mwezi uliofuata mahema ya Washington yakaondolewa.

Binafsi naona njia hiyo ni ya kuhamisha hema kutoka barabara ya saba kwenda ya tisa, kwa gharama ya polisi. Asiyekuwa na dola 295 za faini anapata rekodi ya mahakama, na rekodi hiyo ndiyo mwenye nyumba anayoikagua.

Nasema hivyo kwa sababu kinachofanya kazi kinajulikana. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza New York mwaka 1992 kuwapa wagonjwa wa akili waliolala mitaani ufunguo wa nyumba kwanza, dawa na ushauri baadaye, na wengi wao walidumu humo. Serikali ilipoutumia utaratibu wa aina hiyo kwa wanajeshi wastaafu, kwa vocha za kodi na wahudumu wa kuwafuatilia, wasio na makazi kati yao walipungua kwa zaidi ya nusu kati ya 2010 na 2024. Jiji la Houston, kwenye jimbo la Texas lisilojulikana kwa siasa za mrengo wa kushoto, limepunguza tatizo kwa zaidi ya asilimia 60 tangu 2011. Kule kambi inafungwa baada ya wakazi wake kutafutiwa nyumba mmoja mmoja, si kabla. Lakini Houston ina bahati: kujenga ni rahisi, haina sheria za kugawa ardhi kama za miji mingine, kodi iko chini. Los Angeles walipiga kura mwaka 2016 kukopa dola bilioni 1.2 kujenga nyumba 10,000 za watu hawa. Kila nyumba ikaishia kugharimu karibu dola 600,000, kwa vibali, kesi za majirani, ardhi na mishahara ya wajenzi. Fedha zipo, mwalimu. Kiwanja kinapotajwa mtaani kwa mtu ndipo mjadala unapoanza, na wanaokuja kwenye mkutano ni wenye nyumba, si wenye mahema. Hata vocha za kodi za shirikisho zinamfikia mmoja tu katika kila wanne wanaostahili. Wengine wanangoja kwenye orodha miaka.

Umeuliza kama ni wakimbizi. Wengi si wakimbizi, ila wapo watu wetu waliowahi kulala kwenye mahema Marekani. Mwaka 2023 na 2024 uwanja wa kanisa la Riverton Park huko Tukwila, karibu na Seattle, ulijaa mahema ya waomba hifadhi kutoka Kongo, Angola na Venezuela, akina mama na watoto wachanga kwenye matope. Wengi wanashangaa kwa sababu wanawajua Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wakapokelewa uwanja wa ndege na kupelekwa kwenye nyumba. Hao walikuja kwa mpango wa kuhamishiwa, na mpango huo uliwapangia nyumba ya kuanzia. Aliyefika mpakani na kuomba hifadhi hakupangiwa chochote, na alitakiwa angoje siku 150 tangu apeleke maombi ndipo aombe kibali cha kazi. Miezi isiyopungua mitano bila haki ya kufanya kazi, kwenye mji wa kodi ya dola 2,000. Hema lake halihitaji maelezo ya uvivu.

Sasa kijana. Hofu yako ni ya haki lakini hayuko ukingoni bado. Mtu anayechangia nyumba ana wenzake, na wenzake ndio akiba ya kwanza. Mwambie mambo machache, na uyaseme wewe, sisi vijana hatusikilizani.

Jina lake liwe kwenye mkataba wa pango, au angalau awe na risiti au ujumbe wa simu unaoonyesha analipa. Bila hivyo, wenzake wakihama yeye ni mgeni tu machoni pa mwenye nyumba. Akipewa notisi ya siku tatu ya kulipa au kuhama, asikimbie: notisi si amri ya kutoka, na mwenye nyumba haruhusiwi kumbadilishia kufuli wala kumkatia umeme ili atoke. Akiletewa karatasi za mahakama ndipo saa inaanza kuhesabu. California sasa inampa mpangaji siku 10 za kazi za mahakama kujibu kwa maandishi. Asipojibu anashindwa bila kusikilizwa, na wengi huanguka hapo kwa kudhani ni barua ya vitisho. Apige simu 211 siku hiyo hiyo, ni bure, wana wakalimani, na watamwelekeza kwa wanasheria wa wapangaji wasiolipisha. Kumsaidia aliye bado ndani kunahitaji mamia ya dola. Akishatoka, tunazungumzia maelfu.

Na pasipoti, viza, kadi ya hifadhi ya jamii, cheti chake cha kuzaliwa: apige picha kila ukurasa akutumie leo, nawe uzihifadhi mahali pawili.